Kuvunja kioo cha mlango ukinasa ndani ya gari: tumia ncha, achana na ngumi

Mi ni fundi vioo vya magari, na hili naomba kila anayepanda gari alijue, sio dereva tu.

Kioo cha mlango kiwandani kinapashwa moto kuzidi nyuzi 600 halafu kinapulizwa upepo mkali ghafla, huku nje kunaganda kwanza, kati kunapoa baadaye kunataka kusinyaa ila nje kumeshakaza, kwa hiyo maisha yake yote ngozi ya nje imebanwa na kati kunavutwa, hata gari likiwa limepaki. Ule mbano ndo unakifanya kiwe imara mara 4 hadi 5 ya kioo cha kawaida. Ngumi unapiga kinabonyea kidogo kinarudi. Ncha ndogo ngumu sasa, nguvu yote inaishia sehemu moja, ufa unatoboa ngozi (kwenye kioo cha milimita 4 ngozi haifiki hata milimita 1) na ukishagusa pale kati panapovutwa hapahitajiki nguvu yako tena, ufa unakimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde na kioo chote kinakuwa chenga.

Hatua 1. Leo leo kasome maandishi kwenye kona ya kila kioo. TEMPERED ndo hicho nilichoeleza, kinamwagika chenga. LAMINATED kina plastiki katikati kama cha mbele, kitapasuka ila hakitoki, na magari mapya mengine wanaweka hadi milangoni.

Hatua 2. Nunua panchi ya springi (kifaa kidogo chenye ncha ngumu, ukikikandamiza springi inaifyatua ncha), ifunge mahali mkono unafika ukiwa na mkanda. Nyundo nayo sawa, ila ndani ya maji huwezi kuizungusha, panchi unakandamiza tu.

Hatua 3. Gari likiingia majini fungua mkanda, shusha kioo hapo hapo kabla maji hayajakifikia, umeme mara nyingi unakuwa bado upo. Usihangaike na mlango, maji ya nje yanausukuma.

Hatua 4. Kioo kimegoma? Geuza uso, weka panchi konani karibu na ukingo, kandamiza. Sio katikati, katikati kinabonyea kinameza pigo.

Hatua 5. Kama kuna tinti chenga zitabaki zimeshikana, sukuma kwa miguu mpaka kioo kitoke chote. Watoto watangulie, we fuata.