Namna ya kuimba Miserere ya Allegri na kwaya ya kawaida (hatua ya 3 isome mara mbili)

Mwalimu mwenzangu wa kwaya alinipigia mwezi mmoja kabla ya Pasaka, anataka waimbe Miserere ya Allegri Ijumaa Kuu na hajui aanzie wapi. Tukahangaika nayo, ikaimbika. Naandika hapa maana mwaka niliojaribu mwenyewe sikuwa na wa kumuuliza.

Kwa asiyeijua, ni Zaburi ya 51, ile "Ee Mungu, unirehemu", kwa Kilatini. Gregorio Allegri alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Papa kule Roma, akaitunga miaka ya 1630 kwa ajili ya ibada za Juma Kuu ndani ya Sistina, kanisa dogo la Papa kule Vatikani, zile ambazo mishumaa inazimwa mmoja mmoja. Mozart akiwa dogo wa miaka 14 aliisikia humo mwaka 1770 akaenda kuiandika kwa kichwa. Wa kwetu karatasi wanapewa na bado wanaisahau nyumbani.

Hatua ya 1: Nota. Zipo bure kwenye tovuti za CPDL na IMSLP, pakua, printi. Mambo ya kuimbia kwenye simu mimi sitaki kabisa, skrini inazima katikati ya mstari. Wasiosoma nota za mistari waandikie solfa.

Hatua ya 2: Gawa watu. Kwaya ya kwanza sauti 5, ya pili sauti 4, na hii ya pili hata watu wanne tu wanatosha, wapeleke mbali, nyuma ya kanisa au juu kwenye roshani. Zinapokezana, na katikati yake wanaume wanaimba mstari mmoja mmoja kwa Kigregoriani, ule uimbaji wa kale wa Kanisa, wote sauti moja.

Hatua ya 3: Maneno. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi mbili nzima. Ukifungua nota utakuta alama moja nene na chini yake maneno kibao, maana yake kwaya nzima inasimama kwenye kodi moja (noti za sauti zote zikilia kwa pamoja) na kuyasema maneno kwa pamoja, halafu ndo inahama. Inaonekana rahisi kuliko yote, kumbe ndo inayoua. Sisi tulikuwa tunatoka kama mahindi yanamwagwa kwenye debe, kila mtu na lake.

Nililaumu tempo, nikaleta metronomu, kile kidude cha kugonga mapigo (usilete, inaharibu zaidi, haya maneno hayana mapigo), nikawalaumu besi, kumbe tatizo ni Kiswahili chetu. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili toka mwisho, basi nusu ya kwaya inasema "ampLIus" na nusu waliosikia rekodi wanasema "AMplius", hapo mtakutana wapi? Ni AM-pli-us, DO-mi-ne, mi-se-ri-KOR-di-am. Ila mengine yanafuata mkazo wetu vizuri tu, mise-RE-re, se-KUN-dum, kwa hiyo usiwaambie wabadilishe kila kitu maana wataharibu na yaliyokuwa mazima. Chukua penseli, piga mstari chini ya silabi ya mkazo, neno kwa neno, karatasi zote.

Halafu kuna irabu tunazoongeza mwishoni. "Tuam" inakuwa "tuamu", na "et secundum" mama mmoja wa alto alikuwa anaimba "eti secundumu", nikamwambia mama, hapa tunaomba toba, hatumsuti Mungu. Tulicheka dakika tano. Matamshi mengine ni mteremko, "magnam" ni "manyam" na hiyo ny tumezaliwa nayo, "ecce" ni "eche".

Utaratibu uliotusaidia: someni kwanza bila sauti ya wimbo kama mtangazaji wa taarifa ya habari, wote pamoja, mpaka mmalize neno la mwisho kwa mdomo mmoja. Kisha wote noti moja. Kodi iwe ya mwisho kabisa. Na kinanda zima, kikipigwa wanaacha kusikilizana.

Hatua ya 4: Ile noti ya C ya juu. Soprano wa kwaya ndogo anaigusa mara 5 na ndiyo watu wanayoisubiri. Allegri hakuiandika. Mwaka 1831 Mendelssohn, mtunzi Mjerumani, aliandika nota za wimbo ulivyokuwa ukiimbwa, juu zaidi ya ulivyoandikwa, baadaye kipande hicho kikaungwa kimakosa na kingine kwenye kamusi ya muziki ya Uingereza, na kosa likapendwa kuliko usahihi. Kwa hiyo kama binti yako haifikii bila kukunja shingo, shusha wimbo wote toni moja au mbili, na wala usimbadilishe wiki ya mwisho kwa sababu kuna mtu kajitokeza anaifikia kwa kupiga kelele. Mwambie asiifuate kwa kusukuma, aipitie tu.

Hatua ya 5: Mwishoni kwaya zote zinaungana, sauti 9. Sauti itakuwa imeshuka, mtashtuka, endeleeni tu.

Na ongea na msoma matangazo mapema. Wetu hakuambiwa, kodi ya mwisho haijaisha vizuri akashika maiki, "tuwapigie makofi!", Ijumaa Kuu, na vigelegele vikatoka.