Jinsi ya kuhamia Santa Maria, Brazili, kwa masomo: anza na cheti cha kuzaliwa

Ukishapata barua ya kukubaliwa chuoni Brazili, usikimbilie tiketi. Toa kwanza cheti chako cha kuzaliwa ukisome taratibu. Jina la mama limeandikwaje? La baba je? Mimi sikufanya hivyo, na karibu siku zangu zote za mwanzo Santa Maria zilikwenda kuhangaikia karatasi hiyo moja.

Santa Maria ipo katikati ya jimbo la Rio Grande do Sul, kusini kabisa mwa Brazili, kama kilomita 290 kwa basi kutoka Porto Alegre. Wakazi wake ni kama 270,000, na maisha ya mji yanakizunguka chuo kikuu cha umma, Universidade Federal de Santa Maria, UFSM, kilichoanzishwa mwaka 1960. Vyuo vya umma vya Brazili havitozi ada kwa shahada. Katiba yao ya 1988 imeliweka hilo wazi, na mgeni aliyedahiliwa anasoma bure sawa na mwenyeji. Utakachogharamia ni kulala, kula na nauli, na katika mji wa kiasi hiki vyote vitatu ni nafuu kuliko São Paulo au Rio. Ndiyo maana nawasihi vijana wetu wautazame.

Kwa shahada ya kwanza, njia ni PEC-G, mpango wa serikali ya Brazili wa kupokea wanafunzi wa kigeni, unaopitia ubalozi wa Brazili. Tanzania na Kenya zimo. Kwa uzamili na uzamivu unaomba moja kwa moja kwenye programu, kwa kufuata tangazo lao rasmi wanaloliita *edital*. Lisome neno kwa neno, maana kisichotajwa humo hakipokelewi, na kilichotajwa hakisamehewi. Baada ya hapo ni viza ya masomo, VITEM IV: fomu ya mtandaoni, pasipoti, barua ya chuo, uthibitisho wa fedha za kujikimu, cheti cha polisi cha tabia njema. Hayo yanajulikana, sitayarudia.

Sasa kuhusu cheti cha kuzaliwa. Wakala mmoja niliyemlipa anisaidie na viza aliniambia nisihangaike nacho, pasipoti inatosha. Nikamwamini. Nikakiweka tu kwenye begi, kavu, bila muhuri wowote zaidi ya ule wa siku kilipotolewa.

Ukiingia Brazili na viza ya masomo, una siku 90 za kujiandikisha Polícia Federal, polisi wa shirikisho wanaoshughulikia wageni. Zikipita, ni faini. Unajaza fomu kwenye tovuti yao, unatoa hati ya malipo inayoitwa GRU, unalipa benki (kadi ya ukaazi ya mgeni niliilipia reais 204.77, yaani fedha za Brazili), unachukua miadi, unakwenda. Santa Maria kuna ofisi, kwa hiyo huna haja ya kusafiri hadi makao makuu ya jimbo. Nilifika mapema, nikaitwa. Yule dada wa kaunta akaandika jina langu, tarehe, uraia, kisha akauliza: *Nome da mãe?* Nikamtajia jina la mama. Akaomba waraka unaolionyesha. Pasipoti yetu ya Tanzania haina majina ya wazazi. Nikampa cheti. Akakigeuza nyuma, akakiangalia, akanionyesha kwa kidole: peupe. Alikuwa anatafuta muhuri wa ubalozi wa Brazili.

Kanuni yenyewe haina utata. Waraka wa nje unatambulika Brazili ukiwa na apostili, yaani uthibitisho mmoja unaokubalika kwa nchi zote za Mkataba wa Apostili, au, kama nchi yako haimo kwenye mkataba huo, ukiwa umethibitishwa na ubalozi wa Brazili kule ulikotolewa. Nilipoondoka mimi, Tanzania haikuwa na apostili, kwa hiyo cheti kilipaswa kupita RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Brazili Dar es Salaam. Ndugu wa Burundi na Rwanda mna nafuu: nchi zenu zimo kwenye mkataba, Burundi tangu 2015 na Rwanda tangu 2024, na apostili ya nyumbani inatosha.

Baada ya muhuri ndipo inakuja tafsiri. Ni lazima ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, *tradutor juramentado*, aliyesajiliwa Brazili. Angalia mpangilio: muhuri kwanza, tafsiri baadaye, kwa sababu mtafsiri anatafsiri na mihuri pia. Mimi nilikuwa nimeshalipia tafsiri ya cheti kisicho na muhuri. Hela ile ilipotea, nikalipa upya. Cheti halisi nikakirudisha Dar kwa kampuni ya vifurushi, dada yangu akaomba ruhusa kazini mara tatu kukizungusha, kikanirudia baada ya wiki saba. Nilirudi kaunta siku ya 86.

Kama umeshafika na umekwama kama mimi, uliza pia kuhusu cheti cha kikonseli, yaani kinachotolewa na ubalozi wa nchi yako, kinachotaja majina ya wazazi. Sheria inakitambua, na Tanzania ina ubalozi Brasília. Sikulijua hilo hadi nilipokuwa nimeshatuma.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenieleza: kwenye kila fomu, kuanzia ya viza, andika jina la mama herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti, hata kama nyumbani anaitwa mama fulani au amebadili jina alipoolewa. Brazili jina la mama ndilo linalokutenganisha na wenye jina kama lako. Linaingia kwenye CPF, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11, na bila CPF huwezi kufungua akaunti ya benki, na hata laini ya simu ni shida. CPF unaweza kuiombea ubalozini kabla ya kusafiri. Fanya hivyo.

Kwa makazi, usianze na ofisi za madalali wa nyumba. Watakutaka mdhamini, *fiador*, mara nyingi mtu mwenye nyumba yake mjini, na wewe humjui yeyote. Ukikosa mdhamini, mwenye nyumba anaweza kukutaka amana, ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu. Anza na chumba kwenye *república*, nyumba wanayopanga wanafunzi kwa kuchangiana, eneo la Camobi kilipo chuo. Ukikaa katikati ya mji, kila siku una kama kilomita kumi za basi. Ukiona bei ya kodi kwenye tangazo, uliza *condomínio*, ada ya kutunza jengo, na IPTU, kodi ya serikali ya jengo, zimo au hazimo. Mara nyingi hazimo, na bei inapanda sana ukizijumlisha. Chakula cha mchana ni kwenye mgahawa wa chuo, RU: wali na maharage karibu kila siku, kwa bei ambayo sijaiona kwingine.

Beba koti zito. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli, na nyumba nyingi hazina kipasha joto. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache pia, utaulizwa ukirudi nyumbani likizo.

Nilipougua mara ya kwanza, Julai, nilikwenda kituo cha afya cha mtaa. Matibabu ya SUS, mfumo wa afya wa umma wa Brazili, ni bure kwa kila mtu aliyemo nchini, mgeni pia. Muuguzi hakutaka pasipoti. Aliandika namba ya CPF, akaangalia skrini, akaniuliza mama yangu anaitwa nani. Nikamtajia jina kama lilivyo kwenye cheti, akaniambia nikae, nitaitwa.