Jinsi ya kupunguza taka kwenye duka la vyakula na mbogamboga

Kama una duka la vyakula, lile lenye mchele, soda, mayai, mkate na kona ya mboga, jua kwamba taka zako nzito ni vitu ulivyonunua kwa hela yako vikaoza kabla hujauza. Kwa hiyo usikimbilie kununua ndoo za rangi tatu za kutenganishia taka, nunua daftari. Wiki nzima kila kinachotupwa kiandikwe, nyanya kilo ngapi, mikate mingapi, maziwa paketi ngapi, na bei uliyonunulia, alafu jumlisha. Wengi hapo ndo wanagundua hasara iko kwenye majani na nyanya.

Tenga la nyanya likishuka usiliache kama lilivyokuja maana za chini zimeshabanwa na ile moja iliyopasuka inaharibu majirani zake usiku mmoja tu. Mwaga zote juu ya gunia safi, chambua, ngumu zenye unjano peleka nyuma, nyekundu mbele ziende leo, zilizobonyea weka kwenye beseni la bei ya chini asubuhi hiyohiyo, kwasababu mama ntilie anapita mapema kabla hajawasha jiko na yeye nyanya anaenda kuikaanga, sura haimsumbui. Ukisubiri jioni ndo ushushe bei umeshachelewa. Na nyanya usiziweke kwenye friji, baridi inaua ladha na zinakuwa tepetepe.

Ndizi, embe, papai na parachichi zikianza kuiva zinatoa gesi inayoitwa ethilini, hiyo gesi inafanya mchicha na matembele yageuke njano haraka, kwa hiyo weka mbali kabisa, hata kama meza ni ndogo tafuta kona nyingine. Na hii tabia ya kumwagia majani maji kila saa tuiache jamani, jani likilowa mda wote linaoza. Mchicha wenye mizizi simamisha kwenye beseni lenye maji kidogo, juu funika na kitambaa chenye unyevu, inatosha.

Rafu: mzigo mpya nyuma, wa zamani mbele, na kijana wa dukani aelezwe kwanini, maana akiwa na haraka lazima atapanga mbele. Kitu kikibakiza siku chache kuisha mda wake shusha bei na uandike wazi sababu, wateja wanapenda ukweli. Kikishapita tarehe hakiuzwi na hakigawiwi bure kwa mtu yeyote, maskini nae ana tumbo.

Sasa taka zenyewe. Kitu kikubwa ni hiki: taka mbichi na taka kavu zisigusane hata dakika moja. Zitenganishe palepale zinapozaliwa, ukisema utachambua jioni hutachambua. Boksi kavu ni hela, boksi lililomwagikiwa maji ya nyanya ni uchafu, mnunuzi anapima kwa kilo na likilowa anakata bei au anakataa kabisa. Toa selotepu, libonyeze, funga mafungu kwa kamba, weka juu ya chaga sakafu isipitishe unyevu, na upime kwenye mzani wako kabla mnunuzi hajaja. Chupa za plastiki kubaliana na muokotaji mmoja, mpangie siku, muongee kwa heshima kama unavyoongea na saplaya wako, hapo na yeye hatakuwa na sababu ya kupekua pipa usiku na kumwaga kila kitu barabarani. Nailoni za kufungia katoni zikusanye zikiwa safi, usichome, ule moshi mnauvuta nyie na watoto wa jirani. Trei za mayai wafugaji wanazitaka, ila yenye yai lililopasukia itenge, magonjwa ya kuku yanasafiri na trei.

Mifuko ya plastiki Tanzania Bara imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, Kenya tangu 28 Agosti 2017, sawa. Lakini hii mbadala tunayotoa kila mteja akija, mingi nayo ni plastiki iliyotengenezwa ifanane na kitambaa, ikitumika mara moja ikatupwa hatujafanya kitu. Muuzaji azoee kuuliza kwanza "umekuja na mfuko?", anayenunua vingi mpe boksi tupu, na vikapu vya ukili viuze palepale kaunta.

Taka mbichi ndo zinaumiza zaidi, kwa Dar zinasafirishwa mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, zikifukiwa kule zinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia, wakati zingekuwa chakula cha mifugo au mbolea. Tafuta mfugaji mmoja aje kila jioni na ndoo yenye mfuniko achukue majani na maganda. Masharti mawili usiyalegeze. Chenye ukungu kisiende kwa mnyama yeyote, sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016 inapita kwenye malisho mpaka kwenye maziwa. Na mabaki ya nyama yasiende kwa nguruwe, homa ya nguruwe inaenea hivyo.

Kinachobaki fanya mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, kama una uwanja nyuma. Tabaka la taka mbichi, juu yake maboksi yaliyochanika (yale yaliyokataliwa ndo kazi yake hapa), unarudia hivyo hivyo, unageuza kila wiki. Ikinuka ongeza boksi, ikikauka nyunyiza maji. Kwa joto letu miezi miwili mitatu inakuwa nyeusi na inanukia udongo. Ukiingiza mkono ukakuta bado ya moto ndani, usiiweke kwenye miche itaiunguza, iache wiki nyingine alafu uangalie tena.