Muhogo unaoza: ni shina, shamba au kitongoji?

Mkulima wa Muheza akikata muhogo akakuta madoa ya kahawia ndani, safari ya kwanza huwa ni duka la pembejeo kuulizia dawa ya kuoza. Muuzaji naye hakosi cha kumuuzia. Kabla hujatoa hela, jua kwanza tatizo lako limeenea hadi wapi.

Anzia shambani. Ng'oa mashina matano au sita, bondeni, mlimani na katikati, na usichague yaliyodhoofu tu. Kila mzizi ukate vipande kuanzia kikonyoni hadi nchani, maana muhogo mmoja unaweza kuwa mweupe huku na mbovu kule. Ubovu ukiwa bondeni peke yake, laini, wenye majimaji na harufu, shida ni maji kutuama. Chimba mfereji, msimu ujao panda kwenye matuta. Lakini ukiwa mkavu, mgumu kama kizibo, umetapakaa shamba zima, na majani ya chini yana manjano kando ya mishipa, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ni virusi, na hakuna dawa ya kuuponya mmea. Wala si ugonjwa mgeni: ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 huko huko Amani, wilayani Muheza.

Hapo sasa toka nje ya shamba lako. Virusi hivi husambazwa na nzi weupe, ila safari ndefu huzifanya ndani ya pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, tunazogawana. Waulize jirani zako mbegu walizitoa wapi. Kama waliochukua kwa mtu mmoja wote wanalia, jambo hili ni la kikao cha kitongoji pamoja na bwana shamba: kuacha kugawana pingili za mashamba yale, kung'oa yaliyougua, na kutafuta kwa pamoja mbegu safi ya aina inayostahimili, kama Kiroba. Ukisafisha lako peke yako, nzi wa jirani watakurudishia.

Wapo wanaopanua mno, wakasema tabianchi imebadilika. Huenda ni kweli, lakini kauli hiyo haikuambii masika upande nini.

Muhogo uliopo shambani sasa usiuache ukae sana ardhini. Ukishakomaa vuna mapema, kwani kadiri unavyokaa ndivyo madoa yanavyoongezeka.