Jinsi ya kujitoa kwa Mungu kwa kitu kinachokugharimu kweli, ukiwa unaishi hapa Unguja

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Tomondo, kibaraza changu kipo karibu na Mwanakwerekwe na Jumapili nasali Mkunazini, kanisa la Anglikana la mjini. Nasaidia kufundisha vijana wanaojiandaa na kipaimara, na kila mwaka swali ni lilelile, mwalimu kujitoa maana yake nini hasa, mimi pesa sina, kwaya siimbi vizuri, nitoe nini. Ndo naandika hii, nimeweka nilivoelewa na nilivokosea pia, mtu achukue kinachomfaa.

Anza kwa kutafuta kitu kinachokugharimu wewe mwenyewe. Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye kiwanja cha Arauna, yule Arauna alimwambia chukua tu, kiwanja, ng'ombe, kuni, vyote bure, Daudi akakataa, akasema hawezi kumtolea Bwana sadaka ambazo hazikumgharimu kitu, akanunua kwa shekeli 50 za fedha. Ipo 2 Samweli 24. Sasa ukijiangalia vizuri utaona mambo mengi tunayoyaita kujitoa ni ng'ombe wa Arauna, nguo ambazo hatuzivai tena, saa ambayo hatuna la kufanya, hela iliyobaki baada ya kila kitu. Sio vibaya, nguo kuukuu inamstiri mtu, toa tu, ila usije ukaiita dhabihu.

Ukitaka kujua chako ni kipi, kaa usiku watu wakilala, chukua karatasi uandike vitu vitatu. Saa gani ya siku unaipenda kuliko zote. Pesa gani ukiipata unajua moja kwa moja unaipeleka wapi. Na nani ukigombana nae lazima neno la mwisho liwe lako. Usitafute mambo makubwa ya kwenda kuhubiri sijui wapi, kimoja katika hivo vitatu ndo kitakuwa madhabahu yako kwa mwaka mzima, na kwa nilivoona kwa vijana wengi, na kwangu pia, hicho cha tatu ndo kizito kuliko pesa.

Chagua kimoja tu. Nasisitiza kimoja. Kijana anaanza Kwaresima anasema nitafunga kila siku, nitasoma Biblia yote, nitaacha simu, nitatembelea wagonjwa, wiki ya pili kachoka kaacha vyote na anajiona hafai. Bora ushike kimoja mpaka Pasaka na baada ya Pasaka uendelee nacho.

Alafu kuna suali ambalo watu hawajiulizi, gharama ya kujitoa kwako anailipa nani? Nimeona baba yupo kanisani kila jioni, kamati hii, maombi yale, mkesha ule, na watu wanamsifu, kumbe nyumbani mke ndo anachota maji, ndo anahangaika na ada ya skuli, ndo anakaa macho na mtoto mwenye homa, kwa hiyo aliyejitoa ni mke, mume anachukua sifa tu. Yesu alilisema hili waziwazi kwenye Marko 7, habari ya Korbani, mtu anamwambia baba yake na mama yake kile ambacho ningekusaidia nacho nimekiweka wakfu kwa Mungu, na Yesu akasema kwa namna hiyo mnalitangua neno la Mungu. Basi kabla hujaahidi kitu kanisani waulize wa nyumbani kwako, kaa nao kabisa uwaambie, mimi nataka kufanya hivi, nyinyi itawagusa vipi? Wakikwambia itatuumiza, wasikilize, usiwaambie hawana imani.

Nije kwenye kosa langu maana bila ya hilo nitakuwa naongea hewani. Fundi yeyote wa hapa anajua kabla ya sikukuu kazi inavokuwa, hasa Idd el Fitri, kila mtoto anataka gauni jipya aende nalo kutembea. Mwaka mmoja nilipokea magauni 41, na nilijua kabisa kwamba kwa mashine moja na msichana mmoja wa kunisaidia pindo na vifungo siwezi kuvuka 25, ila kila anaekuja na kianzio mkononi nilipokea, na kila anaekuja kuulizia nilimwambia njoo kesho. Njoo kesho, njoo kesho. Na Jumapili ya katikati hapo nilifunga kibaraza nikaenda kanisani nikajihisi nimemtolea Mungu kitu kikubwa sana, nimeacha hela ya siku nzima wakati wa msimu.

Mkesha wa sikukuu, saa nne za usiku, akaja mama mmoja na mwanawe wa kike, miaka saba hivi, keshatiwa hina, mikono kainyanyua mbele hivi asiguse kitu isije ikaharibika, anachungulia ndani kwenye yale magauni yaliyotundikwa anatafuta lake. Kitambaa chake kilikuwa chini ya meza, ndani ya rambo vilevile alivokileta, sijakikata. Yule mama hakunitukana. Aliniangalia akasema, fundi, si wewe unaefunga Jumapili unasema unakwenda kusali? Akachukua rambo lake, mtoto akawa anageuka nyuma kutizama magauni ya wenziwe mpaka wakapotea kwenye kona.

Sikulala siku ile. Hapo ndo nilielewa kwamba ile Jumapili niliyoifunga nilimtolea Mungu kitu cha mtoto wa watu.

Kwa hiyo hatua inayofuata, na mimi kwangu ndo kubwa kuliko zote, peleka dhabihu yako kwenye kazi yako. Paulo kwenye Warumi 12:1 anasema itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai, hakusema nyimbo zenu wala Jumapili zenu, kasema mwili, maana yake mikono inayokata kitambaa, mdomo unaosema njoo kesho, macho yanayoona mizani imeelemea upande wangu na kunyamaza. Mwaka uliofuata nilichora daftari mistari 25 na nikaandika namba, mstari wa 25 ukijaa namwambia mtu daftari limejaa, nenda kwa fundi mwengine, na namuelekeza kabisa ni nani. Ile pesa niliyoiacha nilikuwa nimeipangia bati za jikoni, na jiko likavuja mvua zile za masika yote, nikitega ndoo. Nikisikia maji yanadondoka kwenye ndoo najua hii ndo shekeli 50 zangu. Na lengine, vipande vya kitambaa vinavobaki namrudishia mwenyewe hata kama ni vidogo, mafundi wengi tunavibakisha na mteja wala haulizi, ila ni vyake. Wewe sio fundi, sawa, basi kaa ufikirie njoo kesho ya kazi yako ni ipi, muuza samaki anayo, mwalimu anayo, dereva wa daladala anayo, karani wa ofisini ndo usiseme.

Sasa kuhusu kuwa kielelezo. Watu wanachanganyikiwa hapa kwa sababu Mathayo 5:16 inasema nuru yenu iangaze watu wayaone matendo yenu mema, alafu ukifungua ukurasa tu, sura ya 6, Yesu anasema jihadharini msifanye wema wenu machoni pa watu kusudi mtazamwe na wao. Vijana wananiuliza tufanye lipi sasa. Mimi nawapa gauni. Gauni likivaliwa linaonekana, wala hulifichi, ila wanawake wanaojua ushonaji wakija kuchukua nguo hawaangalii nje, wanaligeuza, wanaangalia ndani, bitana imekaaje, uzi umekatwa, ovaloki imepita vizuri au umeficha uchafu. Kwa hiyo kazi ionekane, gharama ikae ndani. Mgonjwa aone kapelekewa uji, asijue kwamba wewe siku ile hukula. Ukishatoa usipige picha, usiweke stetasi, usisimulie kwenye kikundi cha watsapu hata kwa kisingizio cha kuwatia moyo wengine, na kama una hamu sana ya kusimulia, msimulie Mungu usiku yatoshe. Mimi hapa nimesimulia la bati, na nimelisita sana, ila nimeliacha kwa sababu bila ya hilo la mtoto lingekuwa nusu.

Na hapa kwetu lazima tuseme la majirani, maana Wakristo visiwani ni wachache sana na jirani yako, tajiri wako, mteja wako, mwalimu wa mwanao, wengi ni Waislamu, ambao wengi wao Injili hawataifungua ila wewe wanakuona kila siku. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu, siku tunayoanza Kwaresima, ilikuwa tarehe 5 Machi na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla, kwa hiyo tulifunga pamoja, mtaa mzima. Mambo ni madogomadogo. Usile wala usinywe njiani mchana, hata maji, hata kama wewe hujafunga. Redio ya nyimbo iteremshe sauti. Alasiri ukiona bibi wa jirani anahangaika na ndoo ilhali kafunga, mbebee. Ukiwa na uwezo mpelekee sahani, kaimati au mihogo ya nazi, na sahani iwe sahani tu, usiweke na maneno chini yake, usitegemee atakuuliza habari za dini yako. Akiuliza siku moja, Petro katufundisha tujibu kwa upole na kwa hofu. Asipouliza miaka 20 yote bado ile sahani ilikuwa halali mbele za Mungu. Na wao wakikuletea pokea, hii watu wanaisahau, kupokea kwa furaha pia ni unyenyekevu.

Kama unataka watu wa kuwaiga wapo karibu, tena udongo huuhuu. Nikikaa kanisani Mkunazini nakumbuka pale lilikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873 na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa ukaanza, na madhabahu inasemekana ipo pale pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Padri Cecil Majaliwa alikuwa mtoto aliyetekwa akauzwa, akakombolewa, akasoma Kiungani, chuo cha misheni hapahapa Unguja, akapewa upadri 1890, na angeweza kubaki mjini kwa raha zake, ila alikuwa anahudumu kule Chitangali, kusini huko upande wa Ruvuma, mbali na kila alichokizoea. Miss Caroline Thackeray alikuja 1877, akafundisha wasichana waliokombolewa pale Mbweni mpaka 1902, na alipostaafu hakurudi kwao Uingereza, alikaa Mbweni mpaka alipofariki 1926. Mimi huyu mama ananigusa zaidi kwa sababu hana kisa kikubwa cha kusimulia, ni miaka 25 ya kufundisha kusoma na kushona, asubuhi baada ya asubuhi. Siku moja ukipata nafasi nenda Mbweni, magofu ya skuli ile yapo mpaka leo, kaa dakika kumi tu.

Hatua ya mwisho, utavunja. Nakwambia mapema ili siku ikifika usikimbie kanisa. Kielelezo ni mtu ambae akikosea anarudi kwa aliemkosea, tena haraka, na anarudi na kitu mkononi. Mimi siku ya pili ya sikukuu nilikwenda kwa yule mama, nilichukua kianzio chake chote nikakitia kwenye bahasha, na nilikuwa nimejipangia maneno mengi ya kueleza, msichana wangu aliumwa, umeme ulikatika, nikayaacha yote mlangoni. Nilisema tu, nilichukua kazi nikijua siiwezi na nikakudanganya siku tano, naomba unisamehe. Ukiomba radhi fanya hivo, sema kosa kwa jina lake, usiweke "ila", usimwambie shetani alikupitia. Na usidai usamehewe papohapo. Yeye alichukua bahasha, akasema haya, akafunga mlango. Kitambaa hakunipa. Alikuja nacho kwenye Mfunguo Tatu, mwezi wa Idd el Haj, kitambaa kilekile, na mtoto keshaongezeka urefu ikabidi niunge kwa chini, nilikesha nacho peke yake na nilimaliza siku nne kabla ya sikukuu.

Tangu hapo Jumamosi jioni, kabla sijafunika mashine, nafungua daftari naangalia nani nimemuahidi na bado. Kama yupo, nampigia simu au nakwenda kwake kwa miguu nikamwambie ukweli lini itakuwa tayari. Ndo nafunga kibaraza, na Jumapili nakwenda kusali.