Jinsi ya kuusoma mwiba kabla ya kuukata

Anayetaka kujua sababu ya mmea kuwa na miiba aanze kwa kutazama mwiba umeota wapi. Kata kijiti cha kaiyaba kutoka ua wowote wa Nakuru, lakini kwa tahadhari, kwa sababu miiba yake hufikia sentimita 6 na hupenya soli ya ndara bila shida, kisha uweke kando yake kijiti cha mlimau. Katika vijiti vyote viwili mwiba umetoka kwenye kwapa la jani, mahali pa kuchipukia tawi, nao kwa hakika ni tawi lililoacha kurefuka likachongoka; ukiung'oa kwa nguvu utapasua na mti wenyewe. Migunga ya manjano iliyo kandokando ya Ziwa Nakuru ina miiba miwili miwili kwenye shina la kila jani, ambayo ni vijani vya pembeni vilivyokakamaa. Waridi, linalolimwa kwa wingi Naivasha, halifanani na hayo: sukuma mwiba wake upande kwa kidole gumba, nao utabanduka mzima na kuacha kovu laini, maana ulikuwa sehemu ya ngozi ya shina tu.

Kisha linganisha miiba ya matawi ya chini, yanayofikiwa na wanyama, na ile ya matawi ya juu. Mwiba haumzuii mbuzi wala twiga kula, bali humchelewesha, kwani humlazimu kuchagua majani machache machache badala ya kukwanyua tawi zima. Kuutengeneza huugharimu mmea chakula ambacho kingekuza majani, na ndiyo maana mimea mingi haiitengenezi ovyo. Huko Laikipia, migunga midogo ya udongo mweusi ilipokingwa na wanyama wakubwa kwa miaka kadhaa, miiba iliyoota baadaye ilikuwa mifupi kuliko ile ya awali.

Kwa mwenye bustani, uchunguzi huu una faida ya moja kwa moja. Mlimau ulioota kutokana na mbegu huwa na miiba mingi ukiwa mchanga, kwa hiyo usiung'oe kwa sababu hiyo. Lakini mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine, ukitoa ghafla chipukizi lenye miiba mirefu, fuata chipukizi hilo hadi linapoanzia: likiwa limetoka chini ya kiungo, hilo ni la mti wa chini uliobeba mche wako, na lisipoondolewa kabisa penye shina litaumaliza mlimau ulionunua.