Kuisaka sayari ya LHS 3844 b kwa laptopu mbovu na bando la wiki

Juzi dogo wa shangazi alikuja hapa Ngamiani na laptopu yake anataka nimwonyeshe sayari za mbali zinasakwaje, tumeanza saa 2 usiku tumemaliza saa 8, na ni kosa moja tu ndo lilitula masaa yote hayo.

Hii sayari ni ya mawe, iko kama miaka ya mwanga 49 kutoka kwetu, inazunguka nyota kibete nyekundu na imeikaribia mno, mwaka wake masaa 11 tu. Tunaisaka kwa kivuli: kila ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota unashuka kidogo, kwenye grafu linatokea bonde. Usitoke nje kuitafuta, hata nyota yake huioni kwa macho ukae Raskazone Tanga nzima umeme umekatika.

1. Tumia Google Colab, unaandika kodi za Python kwenye brauza na zinakimbia kwenye kompyuta za Google. Usiinstoli kitu kwenye laptopu, bando litakata njiani. Humo weka Lightkurve, maktaba ya Python ya kuchambua mwanga wa nyota.

2. Tafuta LHS 3844, chukua data ya TESS (darubini ya NASA ya angani) ya sekta 1, yaani kipande cha kwanza cha anga ilichokitazama, ile iliyopimwa kila dakika 2. Kisha nyoosha kwa flatten, inaondoa mawimbi ya polepole yabaki mabonde.

3. Tafuta kipindi, yaani mabonde yanajirudia kila baada ya siku ngapi, kwa BLS, kifaa cha kusaka mabonde yanayojirudia. Haraka weka pembeni hapa. Mfano tuliokopi ulianza kutafuta siku 1 mpaka 10, tukauacha hivyohivyo, jibu likaja siku 1.39, tukapeana tano. Kukunja data kwa fold, yaani kulaza mizunguko yote juu ya mmoja, mbona mabonde matatu, yamepishana sawasawa? Dogo anasema sayari tatu hizo! Nikapakua upya, nikachezea flatten, nikailaumu data ya watu, mpaka dogo mwenyewe akauliza, "Kaka, tukigawa kwa 3 je?" Ikaja 0.463, ndo masaa 11 yenyewe hayo. Tumeiambia ianzie siku 1, kitu cha nusu siku ingekionaje, ikadaka mara tatu yake. Kwa hiyo anzia 0.2 ukomee 3. Halafu itakugomea, itasema muda wa bonde umezidi kipindi kifupi kabisa, usihangaike, andika mwenyewe muda wa 0.02, yaani kama nusu saa.

4. Kunja kwa 0.4629. Mwanga unashuka kama asilimia 0.4, yaani 0.004, kipeuo chake cha pili 0.063, ndo upana wa sayari ukiugawa kwa upana wa nyota. Nyota ni 0.19 ya upana wa Jua, upana wa Jua ni Dunia 109, zidisha zote: sayari ina upana wa 1.3 ya Dunia.

Dogo akauliza kama kuna bahari. Upande wa mchana ni nyuzi 770 hivi, na vipimo vya darubini ya angani ya Spitzer vilivyotoka mwaka 2019 havikukuta hewa nzito. Akafunga laptopu akaomba chai.